Mama Bado Yuko Njiani

Jumatano, 10 Juni 1998

Leo nimeongea darasani. Mimi. Nimeongea muda mrefu na hakuna aliyecheka — yaani walicheka, lakini pale tu nilipotaka wacheke.

Niandike kabla sijasahau. Kipindi cha Kiswahili, fasihi simulizi. Mwalimu Ezron alitaka kila mtu aje na hadithi ya kwao yenye wimbo ndani yake. Shadrack alianza na sungura na fisi, watu wakapiga miayo. Halafu nikasikia jina langu. Nikasimama. Tangu nirudi kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa shangazi, ambako nilisoma shule ya msingi yote kwa Kiingereza, hapa naitwa Mzambia. Nikikosea neno moja wananiimbia wiki nzima. Kwa hiyo huwa nanyamaza. Mwalimu wa Jiografia nadhani anafikiri nina ububu kidogo.

Lakini hadithi ya mwanamke wa chumvi naijua. Bibi, mama yake Baba, alinisimulia tangu nikiwa mdogo kwake Ndalambo. Nikaanza kama anavyoanza yeye. Msimulizi anauliza, "Nani bado yuko njiani?" Nikawafundisha kujibu. Darasa zima: "Hakuna! Wote wamo!" Mpaka vioo vikatetemeka.

Mwanamke alikwenda Ivuna kuchukua chumvi, akamwacha binti yake nyumbani. Wakati wa kurudi njia ikawa inarefuka. Binti akaimba toka mlangoni:

Mama wa chumvi, uko wapi?

Mama akajibu kutoka mbali:

Niko njiani, mwanangu, njia imenimeza kisigino.

Anatembea, anatembea. Binti anaimba tena. Mama anajibu, njia imenimeza goti. Halafu kiuno. Halafu kifua. Darasa liliudaka wimbo mara moja. Wasichana wakawa binti, wavulana wakawa mama, madawati yakawa ngoma. Tulipofika kiunoni kengele ikalia, kifua nikawatajia tu. Watu wakaguna! Fauzia akasema, wewe, inaishaje? Nikasema kesho. Ukweli ni kwamba sijui. Utotoni nilikuwa nasinzia kabla haijaisha.

Nikakumbuka kumuuliza Mwalimu Ezron (mimi, kuuliza swali) kwa nini Bibi husema hadithi ni za jioni, mlango ukiwa umefungwa. Akasema dhima ya miiko hiyo ni kuwafanya watoto wafanye kazi mchana, na kwamba hilo hutoka sana kwenye mtihani. Kuhusu mwanzo wangu alisema, "fomula safi kabisa."

Natamani Mama angekuwepo nimsimulie. Yuko Kasama, ndani ya Zambia, anauza mchele wake. Anarudi Jumamosi.


Jumamosi, 13 Juni

Mama hajafika. Nilikwenda mpakani kumpokea. Akina mama wa treni walipita na vitenge na ndoo za dagaa wa kapenta, vumbi tupu, wanacheka. Nilimuuliza mmoja kwa Kibemba, akasema walikuwa naye behewa moja, alishuka Nakonde pamoja nao. Atakuwa yuko nyuma, akasema. Nilisubiri. Nyuma hapakuwa na mtu.

Baba anasema labda amepita kwa shangazi. Bibi, ambaye yuko kwetu Chapwa tangu mavuno yaanze, aliendelea na kazi yake. Alikuwa anapukuchua mahindi.


Jumapili, 14 Juni

Kwa shangazi hakufika.

Baada ya kanisa Fauzia alikuja na baba yake, Mzee Yahaya, jirani yetu mwenye lori. Alisimama uani na kofia yake, akamwambia Baba, "Amoni, mkeo ana nini na mimi?" Kumbe jana mchana alimwona barabara ya Sumbawanga, furushi kubwa kichwani. Barabara ya Sumbawanga! Yaani alikuwa ameshavuka mpaka, halafu akashika njia isiyokuja kwetu. Mzee Yahaya alipunguza mwendo, akamwambia, Mama Ketrina, panda nikurudishe nyumbani, huku umepotea. Mama hakugeuka. Alisema tu, "Niko njiani," akaendelea kutembea.

Baba akamuuliza kama ana hakika ni yeye.

"Miaka yote nakula vitumbua vyake, nisimjue? Ila alichafuka, Amoni. Vumbi jeupe mpaka hapa." Akagusa goti. "Kama mtu aliyevaa soksi za mpira. Nikajiuliza, huyu amepita wapi?"

Fauzia akaninong'oneza kwamba labda Mama amepata bwana wa Kizambia. Alikuwa anatania. Aliponiangalia usoni akaacha.

Goti. Nimekaa na neno hilo mchana kutwa. Niko Kidato cha Tatu, najua mambo mengi hutokea tu kwa bahati. Juni upepo ni mkali, vumbi liko kila mahali. Kila mtu ana vumbi.

Lakini si mpaka magotini.


Jumatatu, 15 Juni

Wimbo umeenea. Asubuhi nimewakuta Form One wanafagia huku wanaimba. Shadrack ameuwekea ngoma ya ndoo. Wakati wa mapumziko walikuwa wanautumia kwenye mpira: timu ikifungwa bao la kwanza, kisigino. La pili, goti. Zamani, yaani wiki iliyopita, ningefurahi.

Jioni nilikwenda bombani na Bibi. Watoto wa Chapwa wamepanga foleni ya ndoo, wanaimba. Hata wasiosoma shule yetu. Bibi akatua ndoo yake chini. Akawauliza nani kawafundisha. Wakanisonta. Kama wananisifu.

Njia nzima alitembea mbele yangu. Tulipofika jikoni akakaa.

"Ulianzaje?"

"Kama wewe, Bibi."

"Ukauliza?"

"Niliuliza."

"Wakajibuje?"

"Hakuna. Wote wamo."

"Na mama yako siku hiyo alikuwa wapi?"

Nikasukuma kuni motoni.

Bibi alieleza taratibu, Kinamwanga kingi, Kiswahili kidogo. Sisi tulidhani lile swali ni pambo. Si pambo. Hadithi ikifunguliwa, njia yake inafunguka pia, na haichagui; aliyeko barabarani anaweza kuingia asijue. Ndiyo maana watu wanahesabiwa kwanza. Ndiyo maana ni jioni, wote wakiwa ndani. Mtu akiwa safarini mnasema yupo, fulani bado yuko njiani, na hadithi inaachwa mpaka siku nyingine. "Wewe umesema hakuna. Mwenzio yuko barabarani, wewe umesema hayupo. Umemfungia nje."

Na kila wakiimba, akasema, anazama.

Nikamwomba aniambie inaishaje. Akakataa. Hawezi kuimaliza na mkwewe yuko ndani yake.

Baba alitusikia. Alimwambia, "Mama, tafadhali. Usimjaze mtoto haya." Bibi akamjibu kwamba mtoto amekwisha kujaa, yeye anajaribu kummwaga. Baba hakucheka.

Niandike jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilijua. Si hayo yote ya njia, lakini nilijua ni ya jioni, nilijua mlango unafungwa, na nilipouliza lile swali nilimfikiria Mama. Kwa nukta moja tu. Nikaona Kasama, nikaona mchele. Halafu wakajibu kwa sauti ile kubwa, nikasahau.


Jumanne, 16 Juni

Baba ameondoka na lori la Mzee Yahaya kumtafuta Mama barabara ya Sumbawanga, kijiji kwa kijiji. Amechukua sweta la Mama la kanisani.

Shuleni nimejaribu. Nilisimama mbele wakati wa mapumziko, bila mtu kuniita. Nikasema, "Jamani, naomba msiuimbe ule wimbo." Sauti ilitoka kama ya kifaranga. Shadrack akasema Mzambia amekuwa staa, sasa anaringa. Mwingine akasema wimbo ni wa taifa zima. Wakaanza, makusudi, kwa upole, wakinizunguka. Hawakuishia kiunoni. Waliendelea mpaka kifua, kwa sababu mimi mwenyewe niliwaambia kwamba baada ya kiuno ni kifua.

Fauzia akapanda juu ya dawati, akawaambia mama yake Ketrina amepotea, na nyie ni ng'ombe. Wakanyamaza. Shadrack aliniangalia kama mtu aliyemwagiwa maji. Baadaye alinifuata akasema samahani, hakujua. Nikamwamini. Lakini nje Form One walikuwa wanaendelea, na nyuma ya ukuta wa shule muuza karanga alikuwa anaupiga mluzi.


Jumatano, 17 Juni

Hakuna habari za Baba.

Bibi hali chakula. Hapatani sana na Mama, kila mtu anajua. Chumvi imezidi, chumvi imepungua, kuni zimelowa, kitenge kimekaa vibaya. Leo amefua kanga ya Mama ambayo haikuwa chafu, akaianika.


Alhamisi, 18 Juni

Nimemwona.

Mchana, natoka shule. Jua kali, barabara ya Chapwa haina mtu, upepo umetulia ghafla. Alikuwa mbele yangu, karibu kiasi cha kumtupia jiwe. Gauni la bluu la safari. Furushi kichwani, kubwa kuliko alilotoka nalo. Anatembea kwa nguvu, kama mtu anayevuka mto, mikono imepanuka. Vumbi limemfunika mpaka kiunoni, jeupe, na halikuwa juu ya nguo. Nimefikiri sana niandike vipi. Halikuwa juu ya nguo. Nguo haikuonekana tena pale. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa na rangi ya barabara, na nilishindwa kuona miguu inaishia wapi na barabara inaanzia wapi.

Nikaita, "Mama!"

Akasimama. Akageuza kichwa — upande usio wangu. Akajibu, "Niko njiani, mwanangu," kwa sauti yake ile ile ya kuniambia chai iko kwenye chupa. Akaelekea kule alikokuwa amegeuzia macho, yaani kinyume na mimi. Nikamkimbilia. Nilikimbia kweli. Yeye alikuwa anatembea na mimi nakimbia na umbali ulikuwa ule ule. Halafu likapita lori la mafuta, na lilipopita hakuwepo.

Mwenye kibanda cha soda aliniuliza nakimbizana na nani. Nikamuuliza kama amemwona mama mwenye furushi. Akasema ndiyo, huyo mama anapita kila siku mchana, hata jana, hata juzi. Alidhani ni mgeni anatafuta nyumba.

Anatafuta nyumba. Yetu. Inaonekana kutoka pale kibandani.


Ijumaa, 19 Juni

Sikwenda shule. Nilimweleza Bibi kila kitu. Aliuliza tu vumbi lilifika wapi. Nikasema kiuno, na kwamba kifua wameshakiimba tangu Jumanne. Akasema basi sasa hadithi itaisha yenyewe, afadhali niujue mwisho nikiwa macho.

Mwisho ni huu. Mwanamke wa chumvi anafika. Mchana, jua likiwa juu. Anasimama uani na mzigo wake na hawezi kuingia. Anasema, nitueni. Akipata wa kumtua, mwanamke anapona. Anaingia ndani, anakula, anaulizia nani kachota maji. Lakini mzigo hauwekwi chini. Anayeupokea ndiye anayeubeba, na saa hiyo hiyo anashika njia yeye. Akikosa wa kumtua mpaka jua lizame, anageuka na kuondoka, na hata aimbiwe vipi hajibu tena.

Nikauliza, katika hadithi ni nani alimtua.

"Mimi nilikuwa nawaambia ni ng'ombe," alisema Bibi. "Ili msilie."

"Na kweli ni nani?"

Aliangalia mikono yake. Akasema yeye alivyosimuliwa ni yule binti.

Nikasema tutamtua wote wawili, wewe huku, mimi huku, mzigo utachanganyikiwa. Bibi akacheka, mara ya kwanza wiki hii. Akasema furushi hupokelewa na mtu mmoja, mwanangu, wawili huwa wanalipasua. Halafu akaniambia kwamba yeye mahindi ameshapukuchua, wajukuu ameshawaona, na njia anazijua tangu wakati watu wanakwenda Ivuna kwa miguu. Mimi nisome. Akasema kwa sauti ya kuagiza sabuni dukani.

Nilipaswa kusema hapana, Bibi, ni kosa langu, nitatua mimi. Maneno yalikuwepo kinywani. Sikuyasema. Nilijisikia nafuu — ndiyo, nafuu, naandika hapa. Nilivuta pumzi kama mtu aliyeambiwa tesiti imeahirishwa.


Jumamosi, 20 Juni

Yuko uani.

Naandika ili mikono yangu iwe na kazi.

Baba hajarudi. Kwa kina Fauzia hakuna mtu, wamekwenda harusini. Tulikuwa tunageuza mahindi kwenye turubai, upepo ukatulia kama juzi, na sauti ikasema hodi. Hodi ya kawaida kabisa. Bibi akasema, "Karibu, mkwe wangu," kabla hajainua kichwa. Akanisukuma ndani, akaniambia nisitoke.

Nachungulia dirishani. Ni Mama. Ana kovu lake dogo kwenye sikio. Vumbi limefika shingoni na amebaki uso na ile mikono miwili iliyoshika furushi. Midomo imepasuka. Kutoka kwenye furushi zinadondoka punje nyeupe, kidogo kidogo, na kuku wamezikimbia, wamejikusanya chini ya ghala.

"Nitueni, mama," alisema. "Nimechoka."

Bibi akafunga kanga kiunoni. Akamwambia pole na safari. Akamwambia ugali upo, na maharage, na kwamba chumvi leo iko sawa. Mama akatabasamu! Nimeona. Bibi akamsogelea, akanyoosha mikono.

Haifiki.

Mama ni mrefu na furushi liko juu kabisa, na mgongo wa Bibi umepinda. Alisimama kwa vidole. Alijaribu tena. Mikono yake inaishia kwenye viwiko vya Mama. Akamwambia Mama ainame. Mama akasema hawezi, kuanzia shingoni kwenda chini hana kitu cha kuinamisha.

Bibi akaita, "Ketrina, nitupie kigoda. Kipitishe dirishani, usitoke."

Ndipo Mama akageuka. Mara hii upande wangu. Ameliangalia dirisha hili, moja kwa moja. "Ketrina yumo?" alisema. "Mwache aje yeye. Amerefuka huyo. Atanifikia."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama siku zote akirudi sokoni.

"Usimsikilize," alisema Bibi. "Kigoda tu."

Hayo yamepita muda mrefu. Jua limeshavuka juu ya paa, linaelekea Zambia. Nikipitisha kigoda, Bibi atapanda, atapokea, ataondoka na miguu yake ile mibovu, na mimi nitakula ugali na Mama. Nisipopitisha, Mama atageuka. Na nikitoka mwenyewe — nimepima mlangoni, nimesimama na kunyoosha mkono. Namfikia. Hata bila kusimama kwa vidole namfikia.

Nataka Mama yangu. Nataka Bibi. Nataka kufanya mtihani wa Form Four. Vyote navitaka sawasawa na naona aibu.

Huko bombani watoto wameanza tena. Nawasikia. Wamefika kifuani na hawajui kinachofuata, kwa hiyo wanarudia mwanzo.

Bibi ameacha kuita kigoda. Ameshika viwiko vya Mama, anavisaidia visishuke. Wanaongea. Sijui wanaongea nini, ni Kinamwanga cha chini chini. Mama amecheka kidogo. Halafu amesema, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kunifikia, kwamba shingo inamuuma.

Kivuli cha ghala kimeshika turubai la mahindi.

Kigoda nimekikalia.